Tiketi ya Watu Wanne

Agar anauza mafuta ya mawese katika soko dogo la Mulekera, mjini Beni. Mafuta hayo yanatoka upande wa Mabalako. Zamani yeye na mume wake Kambere walilima huko. Vita viliwafukuza, nyumba yao ikachomwa. Sasa wanapanga vyumba viwili Mulekera.

Kila asubuhi Kambere anasimama barabarani kumngoja dereva wa pikipiki anayeleta mabidoni, yaani madumu, ya mafuta. Dereva anataja bei anayotaka. Mvua ikinyesha, bei inapanda. Njia ikiharibika, bei inapanda tena. Jioni, Agar akiisha kulipa mafuta na usafiri, faida inayobaki inatosha unga na sabuni.

"Tunamutumikia dereva," Kambere anasema. "Siye tunachoka, yeye anakula."

Sokoni Agar ana wenzake watatu. Sikitu anauza samaki wa chumvi. Ananie anauza makaa. Stanislas ana kibanda cha kuchaji simu. Watu wanamheshimu Stanislas kwa sababu anasema Kifaransa vizuri na shati lake amelifunga mpaka kifungo cha juu.

Wote wanne wako katika likelemba moja, yaani mchango wa zamu. Kila juma kila mtu anatoa, na mmoja anapokea yote. Juma linalofuata anapokea mwingine. Mtu akiwa mgonjwa, au akienda kwenye kilio cha msiba, mwenzake anatoa kwa ajili yake. Hiyo wanaiita kumbeba mtu. Akirudi, analipa. Hawaandiki kitu, na hawajagombana hata mara moja.

Halafu duka moja la pikipiki la Butembo likaanzisha tombola, mchezo wa bahati nasibu. Zawadi ilikuwa pikipiki ya magurudumu matatu, yenye sanduku kubwa la mizigo nyuma. Agar aliona picha yake ukutani, akasimama hapo mpaka Sikitu akamvuta mkono. Pikipiki kama hiyo ingebeba mafuta yake, samaki wa Sikitu na makaa ya Ananie, na dereva asingewapangia bei tena.

Stanislas ndiye aliyewaita wenzake.

"Tiketi moja ni bei kali kwa mutu moja," alisema. "Tuchange siye bane, kila juma tununue moja. Tukishinda, ni ya siye bote. Ni kama likelemba tu."

Wote walikubali. Lakini tiketi ilikuwa na nafasi ya jina moja, na mshindi alipaswa kuonyesha kadi ya uchaguzi. Kadi ya Agar iliungua Mabalako. Ya Sikitu ilifutika hata sura haionekani. Ananie hakuwa nayo kabisa. Ya Stanislas ilikuwa nzuri, iking'aa. Wakaandika jina la Stanislas.

Walimwita pia jirani yao Hadjara, mwanamke Mwislamu anayeuza vitenge. Mume wake Issaka anaendesha lori kati ya Beni na Butembo.

"Aksanti, mais miye hapana," Hadjara alisema; mais kwao ni lakini. "Dini yetu inakataza michezo ya bahati. Lakini niulize kitu. Ile tiketi ikishinda, nani atajua kama ni ya batu bane?"

"Mama Hadjara, siye tunaaminiana," Stanislas alijibu, na wote wakacheka.

Mimi ninayewaandikia, nikisikia neno hilo mahali pa mapatano ya mali, damu inanichemka. Mnaaminiana, vizuri. Basi kuandika kutawaumiza nini? Anayekataa kuandika kwa sababu ya kuaminiana, mwangalieni vizuri. Na anayekubali kunyamaza ili asionekane mbaya, huyo anajifunga kamba mwenyewe.

Walinunua tiketi juma baada ya juma, na hawakupata kitu. Kisha shangazi wa Agar alifariki kule Kipese. Agar alifunga kitambaa kichwani, akampitia Sikitu.

"Sikitu, naenda kwenye kilio. Unibebe juma hii."

"Enda tu, dada. Nitakubeba."

Sikitu alimpa Stanislas sehemu mbili, yake na ya Agar. Ananie alikuwa hapo, aliona. Tiketi ikanunuliwa. Siku ya kuchagua namba, redio ikataja namba yao.

Agar alirudi kutoka Kipese bado na macho mekundu. Alipopita mbele ya nyumba ya Stanislas, aliiona pikipiki ya magurudumu matatu. Ilikuwa mpya kabisa. Mbele yake mtu alikuwa amekwisha kuandika kwa rangi nyekundu: Familia Stanislas. Agar alitabasamu. Alifikiri mchoraji amekosea.

"Papa Stanislas, kumbe tumeshinda," alisema.

"Pole na kilio, Mama Agar," Stanislas alijibu. Aliendelea kupangusa taa ya pikipiki. "Mais iyi kitu ni yangu. Iko na jina yangu. Na weye juma ile haukutoa."

"Sikitu alinibeba."

"Kubeba ni mambo ya likelemba. Iyi ni tombola."

Tazameni ujanja huo. Siku ya kuchanga, ni kama likelemba. Siku ya kugawa, si likelemba tena. Na mtu huyo huyo mwenye kifungo cha juu anakwambia hivyo, mkononi ana kitambaa cha kupangusia taa, na haoni haya.

Agar alikwenda kwa Sikitu. Sikitu hakumtazama. Alipanga samaki wake, akawapangua, akawapanga tena.

"Alitupatia franka kidogo, miye na Ananie," alisema mwishoni. "Akasema tunyamaze. Miye niliogopa. Ni mutu mukubwa, anajuana na batu."

"Na miye ni nani, Sikitu?"

Sikitu alianza kulia. Agar hakumbembeleza. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake.

Nyumbani Kambere alisikia habari yote amesimama. Kisha akavaa viatu.

"Naenda kumuona ule sergent tunajuana naye," alisema. "Ataenda kuichukua na nguvu."

Hadjara alikuwa amekuja kumpa Agar pole ya kilio. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, na hakuinuka ili Kambere apite.

"Baba, niulize. Askari akiichukua, ataileta kwako ao ataipeleka kwake?"

Kambere aliinama kukaza viatu.

"Na wakipigana, mutu akiumia, nani ataenda kufungwa? Ni weye. Vua viatu, ukae. Kwanza tuseme ukweli. Mulikosea fasi gani?"

"Siye ndio tumekosea?" Agar aliuliza kwa ukali. "Yeye ameiba, siye tumekosea?"

"Yeye ameiba," Hadjara alisema. "Mais mulimufungulia mulango. Sikiliza, Mama Agar. Mu likelemba makuta, ile pesa ya kila mutu, inazunguka. Leo ni weye, kesho ni miye. Mutu akikula ya mwenzake, na yake atakosa. Juu ya ile, kila mutu anachunga. Mu tombola hapana zamu. Kitu ni kimoja, kinakuja mara moja, kinaangukia mu mikono ya mutu moja. Pale ndipo mutu anageuka. Basi mapatano inapashwa kuwa mbele ya kushinda. Nyuma ya kushinda, kila mutu anakumbuka yake."

"Na weye, mama, haucheze tombola. Unajua ile wapi?" Kambere aliuliza.

"Lori ya Issaka ni ya batu batatu. Mumoja ni ndugu yake ya tumbo moja. Tuliandika. Kila mutu alitia sahihi, na mashahidi babili. Hapana juu ya kuchukiana. Ni juu tusichukiane kesho."

"Sasa siye hatuna karatasi," Agar alisema.

"Hamuna. Muko na batu walioona. Muende kwa shefu wa mtaa. Na Sikitu arudishe ile franka."

Kesho yake Agar alirudi kwa Sikitu, akamwambia neno moja tu: aje. Sikitu alikuja, na Ananie naye.

Shefu wa mtaa, mzee Lévi, aliwapokea barazani kwake. Stanislas alikuja na karatasi ya duka, yenye jina lake na muhuri. Alimpa shefu na kukunja mikono. Sikitu aliweka franka juu ya meza. Alisema bila kumtazama Stanislas.

"Iyi alinipatia ninyamaze. Nairudisha. Miye nilimubeba Agar. Nilitoa ya babili, mu mukono ya Papa Stanislas."

"Niliona," Ananie alisema, akaweka franka zake pia. "Na weye, Papa Stanislas, wakati ulilala hospitali, nani alikubeba? Ni huyu Agar. Pale haukuuliza kama kubeba ni kitu gani."

"Jina ni yangu," Stanislas alisema.

Lévi alisoma ile karatasi mara mbili.

"Karatasi inasema jina," alisema. "Haisemi nani alitoa makuta. Miye naamini hawa. Mais siwezi kukunyang'anya kitu chenye jina lako na muhuri. Kama mungekuwa na maandishi, hata mistari mine, leo ningemaliza maneno iyi mbele chai haijapoa."

Stanislas alichukua karatasi yake akaondoka. Aliondoka bila kuaga, katika baraza la mzee, mbele ya watu aliokula mali yao. Hapo ndipo mtu anajua ukosefu wa mistari minne unagharimu nini. Watu watatu walisema kweli, shefu akawaamini, na bado mwizi alikwenda nyumbani na mali.

Lakini soko lilisikia. Wanawake wa Mulekera hawakupiga kelele, hawakurusha jiwe. Waliacha tu kupeleka simu zao kwa Stanislas. Walipita mbele ya kibanda chake, simu mkononi, wakaenda kuchaji kwa mwingine mbali zaidi. Wauza nyanya walianza, halafu madereva wa pikipiki. Alipotafuta mizigo ya kubeba na pikipiki yake mpya, kila mmoja alimjibu kwa adabu: "Papa, leo hapana." Mwenye mihogo alikuwa na magunia kumi na mawili yanamngoja, akamjibu hivyo hivyo.

Mwishoni Stanislas alirudi kwa mzee Lévi mwenyewe. Hakuomba msamaha. Alisema, "Bon, tugawe." Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi, na Agar alitaka kumrushia kiti.

Safari hii waliandika. Hadjara aliketi karibu, akauliza maswali ambayo hawakuwa wameyafikiria.

"Funguo itakaa kwa nani?"

"Kwa Sikitu," Agar alisema haraka.

"Essence, mafuta ya kutia mu pikipiki, nani atalipa?"

"Mwenye muzigo wa siku ile," Ananie alisema.

"Ikivunjika?"

"Bote bane, sawasawa."

"Mumoja akitaka kuiuzisha?"

Hapo walishauriana. Wakaandika kwamba haiuzwi bila sahihi nne. Anayetaka kutoka, wenzake watamlipa sehemu yake. Akifa, sehemu ni ya watoto wake. Mzee Lévi na Hadjara walitia sahihi kama mashahidi. Kila mtu alipiga picha ya karatasi kwa simu, na yule asiye na simu nzuri alipewa nakala. Maneno Familia Stanislas yalikwaruzwa mbele ya wote.

Siku hizi Kambere ndiye anayeendesha. Anashuka Mabalako mapema na kurudi na mabidoni ya Agar, na njiani anabeba makaa ya Ananie. Bei ya usafiri haimtishi Agar tena. Tangu mwezi uliopita wanaweka akiba ya kukodi shamba dogo.

Watu wa soko wanakuja kumuuliza Agar, kwa sababu nao wanataka kuchanga tiketi. Anawajibu kwa ukali, na mimi nampenda kwa ukali huo.

"Kwanza mujue, siye tulishinda mara moja tu," anawaambia. "Bengine wanatupa makuta kila juma, na hapana kitu. Makuta ya masomo ya batoto, hapana. Makuta ya dawa, hapana. Kukopa juu ya tombola, hapana kabisa. Utoe ile tu ambayo ikipotea utalala usingizi."

"Na tukitaka kuchanga?"

"Muandike mbele ya kununua. Majina ya bote. Kila mutu anatoa ngapi. Zawadi itagawanywa vipi, na ikiwa kitu ambacho hakikatwe, mutafanya nini. Nani anashika tiketi. Akiisha kununua, apige picha, atume kwa bote mbele ya siku ya namba. Jina likiwa la mumoja, muandike kama anaishika kwa ajili ya bote, na yeye atie sahihi pale. Na mutu asipotoa juma moja? Muamue sasa. Kama munabebana, muandike munabebana."

"Mais siye tunaaminiana, Mama Agar," mmoja alisema juzi.

Agar aliweka chini kipimo chake cha mafuta, akamtazama mtu huyo.

"Nani kati yenu alisema hivyo kwanza?" aliuliza. "Huyo asishike tiketi."

Stanislas bado ana kibanda chake, na wateja wanarudi polepole. Sehemu yake ya pikipiki anaipata kama wengine, kwa sababu maandishi yanamlinda hata yeye. Asubuhi moja alikuja kusaidia kupakia. Shati lilikuwa wazi shingoni kwa joto. Alisimama kando ya gurudumu, hajui aanze vipi.

"Mama Agar," alisema, "ile hasira bado iko?"

"Iko," Agar alisema. "Shika bidoni upande ule, tuinue."