Sentimita Tatu

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile ni kwamba taa ilizimika. Hamadi alikuwa ameipindua baiskeli uani, magurudumu juu, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Dinamo ikaguna kwenye tairi, na taa mpya nyekundu iliyofungwa nyuma ya portebagaji, kile kichanja cha chuma kinachobeba mizigo na wake za watu, ikawaka. Akaliacha gurudumu. Likapunguza mwendo, likasimama, taa ikafa. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mwenye shahada ya chuo kikuu, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amewafundisha watoto wa Kasongo kwamba dinamo haiweki akiba: gurudumu lisipozunguka, hakuna umeme.

Alitazama saa. Kazi yote, kuanzia kukata kibati hadi kukaza bulo, yaani bolti, ya mwisho, ilikuwa imechukua dakika ishirini na mbili.

Taa hiyo ilikuwa imekaa juu ya kabati miezi minne. Bulo zake mbili zilitengana sentimita nane. Matundu ya portebagaji yalitengana sentimita tano. Zilizokosekana ni sentimita tatu. Amisi, fundi wa baiskeli karibu na soko, alimcheka mbele ya watu.

"Prof, juu ya sentimita tatu? Piga mupira, uende zako. Mu hii inchi yetu hata ndege wanazifunga na mupira!"

Hakuna baiskeli ya Kasongo isiyofungwa kitu kwa mpira, ukanda mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Hamadi hakutaka. Kitu chenye bulo hufungwa kwa bulo, alisema. Angetengeneza kibati cha kuunganisha, kwa vipimo, siku atakapopata nafasi.

Waridi, mkewe, alilifanya jambo hilo mchezo. Jioni moja walipokuwa wakirudi kutoka matanga, kwenye barabara ya Wamaza, alikuwa amekaa upande juu ya mto wake wa sufi, mkono kiunoni mwa mumewe.

"Baba, ile taa utaifunga lini?"

"Nikipata nafasi."

"Utaifunga nikishakufa," akasema, akamfinya ubavuni, wakacheka wote wawili.

Giza lilikuwa linaingia. Kwenye mteremko wa kijito, pikipiki iliyobeba wachimba dhahabu watatu ikawagonga kwa nyuma. Dereva hakuwa ameona kitu mbele yake. Hakukuwa na kitu cha kuona. Pikipiki haikusimama, na Waridi hakuinuka tena.

Simu haikupata mtandao. Kutoka pale hadi nyumbani ni kilomita kumi na moja. Hamadi alimlaza Waridi juu ya portebagaji, akamfunga kwa mipira minne ya mizigo, mipira ileile aliyoidharau, akasukuma. Mlangoni alikuta Mama Aicha, mama yake Waridi. Kabla hajalia, mama huyo alishika usukani wa baiskeli.

"Umemuambia ashuke?"

Watu wa kule, maiti akiletwa nyumbani kwa baiskeli, aliyesukuma husimama mlangoni na kumwambia: tumefika, shuka. Kisha mipira iliyomfunga hukatwa na kuzikwa, na portebagaji huoshwa kwa maji ya chumvi. Hamadi aliyajua hayo tangu utoto.

"Mama, amekufa," alijibu. "Hawezi kushuka."

Hakuyasema maneno yale. Na mipira hakuikata. Aliikunja mwenyewe, akaiweka chini kabisa katika sanduku la nguo za Waridi. Arobaini ikapita. Kesho yake alikata kibati.

Siku iliyofuata, alipotoka msikitini baada ya sala ya Magharibi, aliikuta baiskeli imeegemea ukuta wa ukumbini, pale alipoiacha, na taa inawaka.

Aliinama. Gurudumu lilikuwa limesimama. Aligusa dinamo: baridi. Alichomoa waya, akaushika kwa vidole viwili, ncha yake ikiwa hewani, na taa ikaendelea kuwaka, nyekundu hafifu kama kaa chini ya jivu. Akahesabu. Ilipofika sekunde arobaini ikafifia taratibu, kama mtu anayefumba macho. Halafu frili, ile gia ya gurudumu la nyuma, ikalia mara tatu, tik, tik, tik, kama inavyolia mtu anapopanda nyuma na baiskeli ikatikisika.

Hakumwambia mtu. Aliandika saa kwenye daftari, kama jaribio lililoharibika darasani.

Baada ya hapo tairi la nyuma likawa linabonyea. Alilijaza upepo asubuhi, likasimama vizuri. Magharibi ikikaribia, baiskeli ikiwa imeegemea tu, lilikaa chini kama limebeba mtu. Alitumbukiza tyubu ndani ya beseni la maji akatafuta tundu. Hakuna povu hata moja lililotoka. Kisha ikaja harufu. Waridi alikuwa akiuza samaki wa kukausha kutoka Nyangwe, na alikuwa akiweka karafuu katika nguo ili moshi wa samaki usimfuate kitandani; moshi na karafuu, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu yake, na hiyo ndiyo iliyosimama sasa ukumbini. Hamadi aliivuta kwa nguvu. Chini yake, mbali kidogo, kulikuwa na harufu nyingine, ya mpira ulioungua. Hiyo alijifanya hakuisikia.

Alhamisi alikuwa anarudi kutoka shuleni, jua bado halijazama, anakanyaga kwa shida kama aliyebeba gunia la mchele. Pikipiki ikamfikia, ikapunguza mwendo. Dereva alikuwa kijana asiyemjua, buti zimejaa udongo wa machimbo.

"Papa! Muambie mama avute kikwembe! Itaingia mu rayo!"

Hamadi akageuza kichwa, atazame nguo gani ingeingia kwenye spoki. Nyuma yake palikuwa na portebagaji tupu, na taa inayowaka.

"Mama gani?"

Kijana akacheka. "Ee, papa! Munagombana na bibi yako mupaka munajifanya hamujuani?" Akaongeza moto, akaenda.

Mtu mwingine angeruka akaitupa baiskeli. Hamadi alisimama katikati ya barabara, na kilichompanda kifuani si hofu peke yake, kwa maana mkono uliokuwa baridi kama jiwe la kisimani ulikuwa umemzunguka kiuno mahali palepale ulipozoea kukaa mkono wa Waridi, na pumzi isiyo na joto ilikuwa inamgusa mgongoni kupitia shati, na sauti, sauti yake kabisa, na kicheko chake kidogo mwishoni, ikamuuliza:

"Baba, ile taa utaifunga lini?"

"Nimeifunga," Hamadi akanong'ona. "Waridi, nimeifunga. Tazama. Inawaka."

Sauti ikarudia, bila kubadilisha hata pumzi: "Baba, ile taa utaifunga lini?"

Tangu siku hiyo alikwenda kila jioni. Alifika kwenye kijito, akageuza, akarudi, na njia nzima alikuwa anajibu. Alijibu kwa kuomba radhi, alijibu kwa hasira, alijibu kwa namba: dakika ishirini na mbili, Waridi, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini na mbili tu. Hakuwahi kuambiwa kwamba amesamehewa, wala kwamba hajasamehewa. Hilo tu ndilo alilolitaka, na kwa hilo alikuwa tayari kukanyaga hadi afe. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya, halafu la pili. Kiunoni, mahali pa ule mkono, ngozi ilifanya alama ya kijivu isiyosikia kidole.

Mama Aicha hakuwa mtu wa kuingia katika mambo ya mkwe wake. Hata chakula alimwekea mezani akaondoka, kama heshima inavyotaka. Lakini Jumapili ya tatu alisimama mlangoni mwa ukumbi, mgongo umeelekea kwake, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Hamadi, jana jioni, ulipokuwa musikitini, nilikuwa ninafagia. Ile kitu iliniita."

"Ilikuita nani?"

"Iliniita baba. Ikaniuliza taa nitaifunga lini." Akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Mutoto yangu alijua kuniita mama. Hata homa ikimupanda, aliniita mama. Ile si Waridi."

"Mama, ni sauti yake."

"Sauti, ndiyo."

Alasiri hiyohiyo alimleta Shehe Faradji, mzee mfupi mwenye kikohozi. Shehe alitazama baiskeli kwa muda mrefu, akamtaka Hamadi ainue shati, akatazama na alama.

"Maiti hapandi baiskeli, mwalimu. Marehemu alienda kwa Mola wake siku ileile. Wewe hukumshusha, kwa hiyo kile kiti kikabaki cha mutu, na mutu hayuko. Kiko kitu pale kwenye kijito kilikiona."

"Anajua maneno yake, Shehe. Maneno ya mwisho."

"Yalisemwa wapi?"

"Barabarani."

"Basi barabara yote iliyasikia. Muulize neno la ndani ya nyumba." Akakohoa. "Akikujibu, mimi nitaomba radhi na nitaenda zangu. Mipira iliyomufunga marehemu iko wapi?"

Hamadi alitazama sakafu.

"Niliizika," akasema.

Walisubiri Magharibi. Mama Aicha alimwaga jivu mlangoni, kutoka kizingiti hadi uani. Shehe akaanza kusoma, taratibu, karibu kimoyomoyo. Taa ikawaka yenyewe. Tairi likabonyea. Harufu ya moshi na karafuu ikajaa ukumbi, na safari hii ya mpira ulioungua ikaifunika.

Miaka tisa iliyopita Waridi alizaa binti aliyeishi siku mbili. Walikuwa wamempa jina usiku wa kwanza, wawili tu, kitandani, na baada ya maziko hawakulitaja tena, si mbele ya watu, si wao kwa wao, si hata mbele ya Mama Aicha. Hamadi alipiga magoti karibu na portebagaji, akasogeza mdomo, na huku Shehe akisoma na Mama Aicha akishikilia nguzo ya mlango kwa mikono miwili, huku taa ikimmulika usoni kwa wekundu ule usio na joto mpaka machozi yake yakaonekana kama yametoka jerahani, aliuliza, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akitafuta kila daraja kwa kidole cha mguu, swali ambalo duniani mtu mmoja tu angeweza kulijibu: "Waridi, mtoto wetu tulimwita nani?"

Juu ya portebagaji kitu kilivuta pumzi, kama mtu anayefikiri.

"Baba," ikasema sauti ya Waridi, "ile taa utaifunga lini?" Na kile kicheko kidogo.

Hamadi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chuma.

"Umesikia mwenyewe," akasema Shehe kwa upole. "Iko na neno moja tu, na juu ya hilo neno inakunywa uhai wako. Fungua ile taa. Kisha useme lile uliloacha."

Hamadi alichukua spana ya kumi. Alilegeza bulo ya kwanza, ya pili, akatoa kibati alichokikata kwa vipimo, na taa ikaendelea kuwaka mkononi mwake bila waya, bila kitu. Akaiweka sakafuni.

"Tumefika," akasema. Akashika usukani. "Tumefika, Waridi. Shuka."

Tairi likainuka. Frili ikalia mara tatu. Taa ikafa. Kitu kilipita kati yao na kwenda nje, kizito, kisicho na haraka, na juu ya jivu ukabaki wayo mmoja, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, lakini wenyewe haukuwa na vidole. Wayo wa pili haukuwepo.

Mama Aicha alikaa chini akalia kilio alichokiweka tangu siku ya baiskeli ile mlangoni. Kisha akaosha portebagaji kwa maji ya chumvi. Shehe alizika kibati nyuma ya nyumba, akakataa chai, akaondoka na kikohozi chake. Nyumba ikanuka sabuni. Hamadi alikaa ukumbini, na hakukuwa na sauti yoyote, wala moshi, wala karafuu. Hakuna aliyemuuliza kitu chochote.

Kulipopambazuka, Mama Aicha akiwa bado amelala, alifungua sanduku la nguo za Waridi, akaingiza mkono hadi chini, akatoa mipira minne. Miwili ilikuwa bado na madoa. Aliichukua ile taa pale sakafuni, akaiweka nyuma ya portebagaji, akaizungushia mpira wa kwanza, akauvuta mpaka ukalia, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakupima kitu. Aliporudisha waya mahali pake alitazama saa: dakika mbili.

Akaifuta vumbi kwa ncha ya shati. Alijua kwamba haikuwa Waridi. Alilijua kama anavyojua kwamba dinamo haiweki akiba. Akaitoa baiskeli uani, akaielekeza upande wa barabara ya Wamaza, akashika breki ili isitikisike, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kwa miaka kumi na moja.

"Panda," akasema.

Tairi la nyuma likabonyea.