Fundi Rangi Alivyozimua Dawa ya Macho

Fundi rangi wa mtaa ule aliitwa Brashi. Yeye na mkewe walikuwa na ubishi mmoja usiokwisha: ukuta wa sebuleni. Brashi aliupaka mwenyewe miaka miwili iliyopita.

"Ukuta huu ni wa bluu," alisema kila walipoketi kunywa chai.

"Kijani, baba watoto. Tena kijani kilichochoka."

"Mimi ndiye niliyechanganya rangi!"

"Na mimi ndiye ninayeutazama!"

Kumbe macho ya mkewe yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Alimpasua jicho la kulia kwanza, kisha wakapewa kichupa cha dawa iliyotengenezwa palepale hospitalini. Ilikuwa ya kutuliza maumivu na uvimbe: tone moja, mara nne kwa siku.

Brashi alikigeuza kichupa kiganjani. Kilikuwa kidogo kama kidole gumba. "Hii ni dawa au ya kuonja?" aliuliza.

Siku ya kwanza jicho liliuma na kukwaruza. Brashi ana huruma nyingi, na haraka nyingi zaidi. Badala ya tone moja alitia matatu. Maumivu yaliporudi akatia manne. Dawa ilitiririka shavuni, na siku ya tatu kichupa kilikuwa karibu kitupu.

Hakuhangaika. Miaka thelathini, rangi ikimpungukia kabla ukuta haujaisha, yeye huizimua kwa maji. Alichemsha maji akayapoza. Akatia chumvi kidogo, maana machozi nayo yana chumvi. Alikuwa bado na nguo za kazi. Akang'oa kifuniko kwa meno, akajaza maji kwa kijiko, akatikisa, akamtia mkewe jichoni.

"Daktari mwenyewe angenipa mkono," alijisifu.

Kesho yake asubuhi mkewe hakubishana na mtu. Hilo ndilo lililomtisha Brashi. Alimkuta amekaa kitandani, amefunika jicho kwa kiganja.

"Linawaka moto, baba watoto. Na dirisha silioni. Jana nililiona."

Aliondoa kiganja. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, lina tongotongo za manjano. Brashi alimpeleka hospitali bila hata kubadili viatu.

Huko daktari alimwingiza mgonjwa ndani mara moja, mlango ukafungwa. Brashi alibaki kwenye benchi, kichupa mkononi. Mfamasia, mama mfupi mwenye kofia ya kitambaa, akamjia.

"Naomba hicho kichupa, mzee wangu." Alikiinua kwenye mwanga. Kisha akauliza polepole, "Hiki kinachoelea ni nini?"

Brashi alisogea. Kilikuwa chembamba, cheusi, kifupi. Alikifahamu upesi, maana alikishika kila siku. Ulikuwa unywele wa brashi yake ya rangi.

"Mungu wangu," alisema. Akasimulia yote.

Mfamasia alimpeleka kwenye dirisha la kioo. Ndani, mfanyakazi aliyejifunika uso, nywele na mikono alikuwa akichanganya dawa chini ya hewa iliyochujwa.

"Dawa ya mkeo ilitoka humu. Tunaipima kwa mizani inayocheza hata ukiipumulia. Chumvi tunailinganisha na ya machozi. Ikizidi jicho linawaka, ikipungua linawaka vilevile. Kisha dawa inapita kwenye chujio ambalo kijidudu hakipenyi. Kichupa kinafungwa humohumo."

"Lakini maji niliyachemsha, mama!"

"Na kijiko? Na meza? Na hayo meno? Ukuta ukiingia uchafu, unaukwangua na kupaka upya. Jicho lililopasuliwa lina kidonda. Vijidudu vikiingia hapo, linaweza kufa kwa siku moja au mbili."

"Siku mbili? Basi nimempofusha mke wangu."

"Hatujui bado. Lakini umemleta mapema. Wengine wanangoja jicho litulie lenyewe, mpaka hakuna cha kuokoa."

Brashi alikaa chini, palepale sakafuni.

Mkewe alilazwa siku nane. Alipewa dawa kali za kuua vijidudu, na jicho likaanza kutulia. Siku ya kutoka walipewa kichupa kipya, na mfamasia alimwonyesha Brashi kazi kwa vitendo. Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope ya chini. Tia tone moja tu, kwa sababu jicho halina nafasi ya tone la pili. Ncha ya kichupa isiguse jicho wala kidole. Kisha mgonjwa afumbe macho, abonyeze taratibu kona ya jicho karibu na pua. Funga kifuniko.

"Na ikiisha mapema?" mfamasia alimtega.

"Narudi hapa. Maumivu yakizidi, narudi hapa. Jicho likiwa jekundu au asipoona vizuri, nakuja mbio." Akaongeza, "Na siongezi kitu. Hata ukinifunga kamba."

Tangu hapo alitia dawa kwa adabu, ameshika pumzi, nguo za kazi ameziacha nje.

Wiki ya sita daktari alisema jicho limepona. Jioni ile waliketi sebuleni na chai. Mkewe alifunika jicho la kushoto, lile ambalo bado halijapasuliwa, akautazama ukuta. Akaitua bilauri mezani.

"Baba watoto, nani amepaka rangi mpya?"

"Hakuna aliyepaka."

Alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Akageuka, mdomo wazi.

"Mbona ni bluu!"

Miaka miwili Brashi alikuwa amelisubiri neno hilo ili acheke mpaka majirani wasikie. Lakini kicheko hakikuja. Aliinamia bilauri yake, mabega yakitikisika.

"Hebu futa machozi hayo," mkewe alisema, akimpa kitambaa. "Unaizimua chai."