Tone la Damu la Bibi Eufrosina

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na bibi yangu Eufrosina tulipanda shambani kukata nopal. Kijiji chetu kiko kwenye miteremko ya milima ya Milpa Alta, na huku kwetu nopal, ile dungusi yenye majani mapana kama viganja, ndiyo inayotulisha, kutuvika na kutusomesha. Bibi alikuwa na miaka sitini na minane, lakini akishika kisu hakuna kijana aliyemfikia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kumfuata nyuma na kikapu.

"Marisela, wewe umebeba kikapu au kikapu kimekubeba wewe?" aliniuliza kila siku, na kila siku nilinuna.

Tukirudi nyumbani tulikunywa kahawa yenye sukari vijiko vinne, na mikate mitamu ya kuchovya. Saa nne Bibi alifungua soda yake. Nopal zote zilikwenda kuliwa mjini. Sisi wenye shamba tuliziona ni chakula cha siku ambayo nyumba haina kitu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni niliona alama za damu sakafuni. Nilizifuata mpaka jikoni, kwa Bibi. Nilimvua ndara yake nikashtuka. Mwiba mrefu ulikuwa umezama chini ya kidole gumba cha mguu, na nyama kuuzunguka ilikuwa imevimba.

"Bibi! Huumwi?"

"Naumwa nini?" akauliza, akiendelea kukoroga kahawa.

Alikuwa ametembea na mwiba ule labda siku tatu, asiusikie kabisa. Baba yangu, Evaristo, alimpeleka zahanati, nami nikafuatana nao. Nesi Hortensia aliung'oa mwiba, akakisafisha kidonda, kisha akamchoma Bibi ncha ya kidole cha mkono. Tone dogo la damu likatoka. Akaligusisha kwenye kipimo kidogo cha kushika mkononi, na tarakimu zikajitokeza: 312.

"Mama Eufrosina, una kisukari," alisema. "Kwa mwenye afya namba hii haipiti 140. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, miguu hufa ganzi na vidonda hukataa kupona. Hiki kisipofunga, daktari atalazimika kukata kidole. Kidole kikishindikana, mguu."

Alimpa vidonge, kipimo na daftari la kuandikia tarakimu za kila siku. Akamwambia aache soda na mikate mitamu. Tortilya, zile chapati zetu za mahindi, alizozoea kula sita kwa mlo, ziwe mbili. Maharage na mboga viongezeke, nopal hasa.

"Nile majani? Mimi ng'ombe?" Bibi alifoka njia nzima.

Jioni jirani yetu, Mama Obdulia, alikuja kumpa pole. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayeujua mwanzo na mwisho wa jambo.

"Huo ni mshtuko, mwenzangu. Umesahau siku ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, ile fataki ilipolipuka miguuni pako? Ulipewa mkate?"

"Sikupewa," Bibi alijibu taratibu.

"Haya sasa! Ndiyo sukari imeingia!"

Kwetu kila mtu anajua kwamba aliyeshtuka hupewa mkate ale upesi, ili moyo utulie na ugonjwa usimwingie. Mimi mwenyewe nimekula mikate ya namna hiyo mingi, mingine kwa mishtuko ya kujitungia. Kwa hiyo Bibi aliponiita pembeni kesho yake, maneno yake yaliniingia.

"Mjukuu wangu, nesi kasoma, lakini mshtuko haujui. Niletee mkate kila jioni, na kasoda kadogo ka kuuteremshia. Baba yako asijue."

Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Nikaleta. Kila asubuhi kipimo kilisema 290, au 305, nami niliandika 140 kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Wiki mbili tulifanya hivyo, na Baba akatusifu.

Tuliporudi zahanati, Nesi Hortensia alitazama daftari akatabasamu. Kisha akafungua bendeji, na tabasamu likakatika. Kidonda kilikuwa kimepanuka, kingo zake nyeusi, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Akapima damu. 298.

"Nani ameandika daftari hili?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bibi alitazama dari. Baba alinitazama mimi.

"Nitampigia daktari simu," nesi aliendelea. "Kidonda kisipoanza kufunga katika siku kumi, kidole kitakatwa."

Nililia nikasema yote: mikate, soda, 140 za uongo. Baba alivuta pumzi anigombeze, lakini nesi alimzuia kwa mkono. Alimgeukia Bibi.

"Mama, sikatai kwamba ulishtuka. Ila mshtuko hauna tumbo. Mikate yote umeila wewe. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua."

Bibi aliinama akautazama mguu wake, kidole kwa kidole.

Kesho yake asubuhi nilikata nopal nne changa, nikazikwangua miiba moja baada ya moja, na Baba akazichoma juu ya bati la moto. Tulikula sote watatu, pamoja na maharage, pilipili na tortilya mbili mbili. Baba alikunywa kahawa bila sukari akakunja uso mpaka Bibi akacheka. Baada ya saa mbili nilimchoma Bibi kidole. Tukainamia kipimo, vichwa vyetu vikigusana.

"204," nilisoma.

"Rudia."

"Bibi, ni 204!"

Mimi nilikiangalia kile kitone chekundu, kidogo kuliko mbegu ya pilipili, nikaingiwa na hofu ya ajabu, hofu tamu ya mtu aliyeona kitu kikubwa. Tone lile lilijua alichokula Bibi. Lilijua jana, lilijua leo, na hakuna aliyeweza kulihonga wala kulidanganya kwa mwandiko mzuri. Na mwili, ulioteswa miaka mingi hivyo, ulikuwa umeitikia mlo mmoja tu! Nilitoka nje nikazitazama safu za nopal zikipanda mlima mpaka kwenye mawingu, nikaona kama ndiyo kwanza naziona.

Tangu hapo niliandika kile nilichokisoma tu. Siku nyingine tarakimu zilipanda, kwa sababu Bibi alikuwa binadamu na jirani alikuwa na keki. Niliziandika hivyo hivyo. Lakini baada ya wiki moja ilikuwa 175, na kingo za kidonda zikaanza kutoka weusi na kuwa nyekundu za nyama hai. Daktari alisema tusubiri. Tulisubiri wiki sita.

Siku ambayo Nesi Hortensia alifungua bendeji ya mwisho, sote tuliinama kutazama. Chini ya kidole kulikuwa na ngozi mpya, laini, ya waridi kama ya mtoto mchanga. Bibi aliigusa kwa kidole kimoja, polepole, machozi yakimtoka.

"Basi nimepona kisukari," alinong'ona.

"Hujapona, Mama. Kimetulia," nesi alimjibu. "Nopal haiondoi ugonjwa, na vidonge usiache. Ukirudia soda, nacho kinarudi. Na ndara marufuku. Viatu vya kufunika mguu."

"Tutaheshimiana nacho," alisema Bibi. Kisha akanishika mkono, akaniweka mbele yake kama siku aliponifundisha kusali.

"Marisela, sikia. Uliponiletea mkate kwa siri, ulinipenda, nami nikaoza. Uliposema ukweli mbele ya watu, nilikuchukia siku nzima. Leo nasimama kwa miguu miwili. Mtu akikuomba umfichie kitu kinachomuua, mkatalie, hata kama mtu huyo ni mimi."

Akaingiza mguu ndani ya kiatu kipya, akafunga kamba mwenyewe, akatutangulia kutoka nje.