Mgeni Aliyerukwa

Gloria Mbonile alimpata mwanaume wake kwa kukosea hesabu. Asubuhi ile mpakani Tunduma malori yalikuwa yamefungana, wabadilisha kwacha wanagombania wateja, na yeye, msichana wa jinzi na kofia ya kijani, anahesabu watalii wake waliovuka kutoka Nakonde kwa kuwagusa bega. Aliyemgusa mwisho akacheka.

"Dada, mimi siendi popote. Nauza kava za simu."

"Sasa kwenye mstari wangu unatafuta nini?"

"Nasubiri kuguswa."

Mwone! Vijana wa Tunduma wana midomo. Lakini maneno yaliingia, na miezi minane baadaye Lwitiko, yule muuza kava, alikuwa anapiga simu kila saa kuuliza kama mpenzi wake amekula.

Kilichobaki kilikuwa neno la baba yake Lwitiko, mzee Ambakisye, mkulima wa Ibaba huko milimani Ileje. Mzee alisema mshenga hatoki mpaka amwone binti kwa macho yake. Na mzee huyu si wa mchezo. Msichana wa kwanza wa Lwitiko, Nesta, mzee alimkataa siku hiyohiyo aliyomwona, na Lwitiko hakubisha. Safari hii alikuwa anaogopa mpaka usingizi umemkimbia.

Akapanga ujanja. Jumamosi akampakia mzee kwenye Kosta ya Gloria kama mtalii wa kawaida, amtazame binti akiwa kazini, bila binti kujua; yeye mwenyewe akapanda kiti cha mbali. Mzee akavaa koti la kahawia na katambuga zake za tairi.

"Mwaiseni!" Gloria aliwakaribisha Wazambia pale kwenye Kimondo cha Mbozi. "Hili ni jiwe la chuma, limeanguka toka juu. Gongeni msikie."

Mzee alikuwa mbele ya wote, macho yamemkazia binti. "Lilipoanguka lilimuua nani?"

"Labda lilikuwa linakutafuta wewe, babu, ukakimbia!"

Watu wakaangua kicheko. Lwitiko akaona mambo yanaharibika, akamsogelea Gloria sikioni. "Punguza utani. Huyo ni baba yangu."

Gloria aligeuka palepale. Alivuta kitenge kutoka kwenye begi, akajifunika kichwa, akazunguka nyuma ya Kimondo, na maelezo yote yaliyobaki akayatoa akiwa hukohuko. Mama mmoja wa Nakonde akauliza kama kiongozi wao anaumwa.

Kwenye shamba la kahawa ikawa mbaya zaidi. Mzee akichepuka kulia, Gloria anakata kushoto. Na mzee naye sasa alikuwa anatazama ardhi, hamwangalii tena. Lwitiko akapiga simu huku anamwona kabisa, hatua hamsini, katikati ya mibuni.

"Gloria, unamkimbia baba yangu?"

"Siwezi kukaa mbele yake. Wewe si unajua?"

"Ninachojua unamdharau. Kwa sababu ya zile katambuga?"

Kule kwenye mibuni Gloria akasimama. Halafu sauti ikatoka imekatika. "Miezi minane, Lwitiko, ndivyo unavyonijua?"

Akakata. Akapigiwa mara tano, hakupokea.

Walipofika kwenye chemchemi ya maji moto, mvuke unapanda na harufu ya kiberiti imejaa puani, mzee alisimama peke yake, ameligeuzia gari mgongo.

"Nirudishe Ibaba, mwanangu. Hapa sikai tena."

Lwitiko akamkumbuka Nesta, na jinsi yeye mwenyewe alivyonyamaza mzee alipomkataa. "Baba, hapana. Huyu ukimkataa nitamuoa hivyohivyo, unisamehe."

"Nani kamkataa?"

"Hamwangaliani toka Kimondoni!"

Mzee akamshangaa. "Kumbe mama yako mdogo alikulea Tunduma bila kukufundisha kitu? Kwetu mke wa mwana haangaliani na baba mkwe. Hawakai pamoja, njiani wanapishana mbali. Yule binti aliposikia mimi ni nani, akajifunika. Nani kamfundisha?"

"Bibi yake. Kakulia kwake Ibaba."

"Basi. Nikajua ameshajihesabu wa nyumbani kwangu, na mimi nikainamisha macho. Ningemkataa, ningemwangalia mpaka jioni."

Lwitiko hakusubiri. Alimkuta Gloria nyuma ya Kosta, macho mekundu.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Mtu wa Ibaba hujui mkwe?"

"Kava za simu ndizo ninazojua. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kitu ambacho mtoto wa darasa la pili anakijua?" Akampiga na kofia kifuani, si kidogo. "Umenitukana, Lwitiko. Nilikuwa namheshimu baba yako, wewe unanihesabia katambuga!"

"Nipige tena. Mshenga anatoka Jumamosi ijayo."

Kofia ikabaki hewani. Gloria akalia upya, safari hii kifuani kwa mwanaume wake, na akamwambia kwamba tangu asubuhi alikuwa anaogopa ule utani wa jiwe umemponza.

Jua lilipoanza kushuka, wageni walipanda. Mzee akapitia mlango wa nyuma, akakaa kiti cha mwisho, uso dirishani. Gloria, amejitanda kitenge, alihesabu kwa mkono bila kutazama nyuma.

"Kumi na mmoja. Twende."

Emanueli, dereva, akageuka. "Asubuhi walikuwa kumi na wawili. Umemruka yule mzee."

"Yule si mgeni," alisema Gloria. "Washa gari."