Glasi Moja ya Miwa

Mektrida aliteremka Moshi mjini kutoka Uru kununua viatu tu, akarudi na mapenzi.

"Dada, mguu mzuri hivyo usiuonee. Vaa hiki chekundu!" aliita muuza mitumba wa soko la Memorial, kijana wa mashavu ya kujaa mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Sirili, jina lake, mwimba kwaya kanisani. Mektrida akacheka, akavaa, na Jumamosi iliyofuata akarudi bila sababu.

Walikuwa na miaka kumi na tisa. Wakanywa juisi ya miwa kwa glasi moja, wakabusiana nyuma ya marobota. Ndipo Sirili alipomshika mkono.

"Mpenzi, kabla hatujafika mbali. Nina virusi vya ukimwi. Nilizaliwa navyo, nameza dawa kila siku."

"Acha utani, Siri."

"Sitanii."

Mektrida alikimbia. Maskini, yeye na wenzake walizoea kumjua mgonjwa kwa macho: aliyekonda, dereva wa malori ya mpakani Tarakea, msichana wa baa. Si mwimba kwaya! Aliiogopa ile glasi, akaliogopa lile busu. Sirili alipompigia simu, aliifunika kwa mto.

Hofu ikamfikisha zahanati.

"Shikamoo, nesi. Tumekunywa glasi moja. Halafu... akanibusu."

"Marahaba. Basi?"

"Basi."

"Mwanangu, hayo hayaambukizi. Na anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hakuambukizi hata mkilala pamoja. Mwogope asiyejua hali yake. Wewe umewahi kupima?"

Mektrida alitikisa kichwa. Hakuwahi. Na mwaka jana kulikuwa na Davis, mtoto wa mwalimu, mzima kwa macho, na hawakutumia kinga.

Akatolewa damu. Alisubiri majibu akimwomba Mungu na Bikira Maria.

"Uko salama," nesi alisema.

Alilia. Kisha akapanda nyumbani, akachuma jani la isale kwenye uzio wa kihamba, shamba la migomba la kwao. Uchagani, aliyekosa akikuletea jani hilo, humnyimi msamaha.

Sokoni, Sirili alikuwa akipanga viatu. Hakuinua uso. "Leo hatuwauzii waliokimbia."

"Sijaja kununua." Mektrida alimnyooshea isale.

Sirili alilitazama, akalipokea. "Bado unaogopa?"

"Sana."

"Hata mimi. Nilijua hutarudi tena."

Wakaenda kwa muuza juisi ya miwa, naye akauliza glasi ngapi.

"Moja," alisema Mektrida, akamwacha Sirili anywe kwanza.