Kwenu Panaitwaje?

Mwezi wa Septemba ni mwezi wa kuni. Mtaa wetu mzima huwa nje, mikono ya mashati imekunjwa, watu wanapanga kuni ukutani kwa ajili ya baridi. Jirani zangu nao walikuwa kazini. Radovan alikuwa akishusha kuni kutoka kwenye trela. Mkewe, Darinka, alikuwa akizipanga. Mama yake Darinka, bibi Albina, alikuwa amekaa kitini karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kuwakosoa.

"Hiyo imekaa upande, Darinka. Itaanguka."

"Haianguki, mama."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Ikamwangukia paka."

Aliyeleta kuni alikuwa Silvo Kenda, mtu wa ng'ambo ya mlima. Radovan alikuwa akinunua kuni kwao tangu alipooa. Lakini kwa kawaida aliyezileta ni baba yake Silvo.

"Mzee Kenda yuko wapi mwaka huu?" Radovan aliuliza.

"Mzee alitutoka mwezi wa Aprili. Kifua kilimsumbua."

"Ala! Pole sana. Alikuwa mkali yule, lakini kuni zake zilikuwa kavu."

"Asante."

Bibi Albina naye akatoa pole, kama mtu yeyote angetoa. Silvo akanywa kahawa, akawasha trekta, akaenda zake.

Sasa niwaambie habari za bibi Albina.

Wakati wa vita kijiji chao kilichomwa moto chote. Mama yake akafa. Baba alikuwa ameshakufa. Albina alikuwa na miaka saba, na mdogo wake Ciril alikuwa na miaka mitatu. Waliwekwa uwanjani mjini pamoja na watoto wengine wasio na kwao. Watu walikuja pale kuchagua watoto wa kulea. Ndiyo, kuchagua, kama mtu anavyochagua kuku. Bwana mmoja na mkewe, ambao hawakuwa na mtoto, walimtaka Ciril. Wawili hawakuwataka.

Albina mwenyewe ndiye aliyemshika mkono mdogo wake na kumpandisha kwenye mkokoteni. Ciril alilia sana.

"Nyamaza," Albina alimwambia. "Nitakuja kukuchukua."

Kisha akamgeukia yule bwana. "Wewe ni nani?"

"Sisi ni wa kwa Brus," bwana alijibu. "Ng'ambo ya mlima."

Mkokoteni ukaondoka. Albina akalishika jina hilo: Brus.

Yeye alichukuliwa na nyumba nyingine, akachunga ng'ombe wao. Alipokuwa msichana alishuka mjini, akapata kazi kiwandani, akaolewa. Kila alipopata nafasi alimtafuta mtu anayeitwa Brus. Alikwenda ofisi ya kuandikisha watu, wakatazama vitabu, wakasema hakuna Brus. Akaenda tena. Karani mmoja akachoka naye. "Mama," alimwambia, "watu wengi wa huko walihamia Argentina. Bila shaka na hao wamekwenda."

Basi bibi Albina akaamini kwamba mdogo wake yuko Argentina. Aliandika barua kwa mapadri wa huko. Wengine walimjibu kwa upole, lakini Ciril hakupatikana. Na alichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu. Alitaka kumwambia Ciril kwamba hakumtupa.

Hapa mjini kwetu kuna Chama cha Nasaba. Hukutana kila Alhamisi alasiri katika ukumbi wa zimamoto. Kiongozi wake ni Daktari Milka, daktari wa mifugo mstaafu. Watu wanakuja na majina ya babu zao, wanasaidiwa kuwatafuta. Wanafundishwa kuchora ukoo. Wanafundishwa kusoma mwandiko wa zamani, maana huku kwetu serikali zimebadilika kama mashati. Babu kaandikwa Kilatini kanisani, baba kaandikwa Kijerumani, mtoto kaandikwa Kiitalia. Wakati wa joto wanachama huenda vijijini kuzungumza na wazee na kusoma mawe ya makaburi.

Kila mwaka Daktari Milka alimwalika Radovan. "Mlete mama mkwe wako. Tujaribu pamoja."

"Daktari, chama chenu ni cha wafu," Radovan alikuwa akijibu. "Mimi wazee walio hai wananitosha."

Watu waliomsikia baani walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ndiye ninayepika kahawa pale ukumbini, na ninajua kinachofanyika.

Darinka naye alikuwa na lake. "Tumeshauliza ofisini. Ofisi haijui, hao vizee watajua nini?"

Mwezi wa Oktoba bibi Albina alianguka jikoni. Daktari wa hospitali alisema moyo wake umechoka. Aliporudi nyumbani alimwita bintiye.

"Darinka, Alhamisi nipeleke kule kwa Milka. Nikishindwa, nimeshindwa. Lakini nipeleke."

Safari hii hakuna aliyebisha.

Walipoingia ukumbini, watu walikuwa mezani na karatasi zao. Niliwawekea kahawa na keki ya kokwa za jozi. Daktari Milka akakaa karibu na bibi Albina.

"Tunamtafuta nani, mama?"

"Mdogo wangu. Alichukuliwa na Brus."

"Brus ni jina la ukoo, au ni jina la nyumba?"

Bibi Albina akamgeukia mkwewe. Radovan akamjibia. "Jina ni jina, Daktari."

"Wewe umezaliwa mjini, Radovan, kaa kimya kidogo," Daktari Milka alisema. "Huko juu milimani kila nyumba ina jina lake. Seremala akijenga nyumba, pale panaitwa kwa Seremala. Seremala akifa, akahamia fundi viatu, huyo fundi viatu naye ataitwa wa kwa Seremala. Watoto wake pia. Wajukuu pia. Ofisini wana jina lao la ukoo, lakini jirani halitumii. Wengine hata hawalijui. Ng'ombe wa milima hii nawajua mama zao na bibi zao, maana ng'ombe ana jina moja. Watu ndio wenye shida. Kwa hiyo hapa hatuanzi kumwuliza mtu anaitwa nani. Tunamwuliza, 'Kwenu panaitwaje?' Haya, mama. Kwenu palikuwa panaitwaje?"

"Kwa Rutar," bibi Albina alisema. Kisha akasema polepole, "Lakini shuleni niliandikwa Leban."

"Umeona. Mlikuwa na majina mawili. Na Brus ni jiwe la kunolea. Hapo zamani alikaa mnoa visu. Ukienda ofisini na jina la jiwe, utapewa nini?"

Bibi Albina alijipiga paji la uso. "Mungu wangu! Kumbe nilijua. Nilijua, halafu nikawa sijui. Nimekaa mjini mpaka nimesahau jinsi tulivyokuwa tukiitana."

Daktari Milka akageuka na kupaza sauti. "Jamani! Nani anajua kwa Brus, ng'ambo ya mlima?"

Mzee Tone, mwanachama wetu anayetoka upande huo, aliinua kichwa. "Kwa Brus? Mbona pako! Ni pale juu penye msitu. Ukoo wao ni Kenda."

Radovan akasimama. "Kenda gani?"

"Silvo, muuza kuni. Baba yake, Ciril, alifariki mwezi wa Aprili. Yule alikuwa mtoto wa kulelewa, aliletwa wakati wa vita."

Darinka alifunika mdomo kwa mkono. Bibi Albina alikuwa akimtazama Tone kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Mzee Kenda?" aliuliza. "Yule mzee wa kuni? Yule amekaa jikoni kwangu. Alikuwa akitia sukari nyingi kwenye kahawa. Nikamwambia, sukari hiyo itakuua, mzee. Akanijibu, usinihurumie, huna udugu na mimi."

Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo, na sitaki kumwona tena.

Radovan alitoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amesimama karibu na gari la zimamoto, anajaribu kuwasha sigara.

"Miaka yote nilimwita mzee Kenda," alisema. "Hata jina lake la kwanza sikuuliza. Na mama kwetu tunamwita mama tu. Na Milka alinialika kila mwaka."

"Kila mwaka," nilimwambia.

Ningeweza kumpa neno la kumfariji. Sikumpa. Wakati mwingine mtu akikosa, mwache alione kosa lake.

Siku ya kwanza ya Novemba ndiyo siku yetu ya kuwasha mishumaa makaburini. Siku hiyo jirani zangu walivuka mlima, nami nikaenda nao, maana bibi Albina aliniomba. Silvo alitupokea uani. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu. Alivua kofia, akasimama mbele ya bibi Albina, hajui aweke wapi mikono.

"Karibu, shangazi," alisema.

Ndani tulimkuta mama yake, Pavla, mjane wa Ciril. Alitupa supu na mkate. Bibi Albina hakugusa chochote.

"Wifi," alisema, "niambie. Alinikumbuka?"

Pavla alifuta mikono kwa aproni kabla ya kujibu.

"Wifi, sitakudanganya. Alikukumbuka. Alisema dada yake ndiye aliyempandisha kwenye mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia atarudi kumchukua. Akangoja. Alipokuwa kijana alishuka mjini kukutafuta. Akauliza ofisini habari za Albina Rutar. Wakamwambia hakuna Rutar. Alirudi hapa amekasirika. Akasema, basi, amenitupa, na jina amebadilisha."

"Kumbe na yeye aliuliza jina la nyumba," Darinka alisema.

"Ndilo alilolijua. Mtoto wa miaka mitatu angejua lipi jingine?"

"Na alikufa akiamini hivyo?" bibi Albina aliuliza. "Kwamba nilimtupa?"

"Ndiyo, wifi. Pole."

Tulikwenda makaburini. Watu walikuwa wengi, mishumaa myekundu kila mahali. Bibi Albina aliinama mbele ya kaburi la mdogo wake huku Radovan amemshika mkono.

"Ciril," alisema, "sikukutupa. Nilikutafuta mpaka Argentina."

Alisubiri kidogo. Kisha akajiinua.

"Nipelekeni garini," alisema. "Naongea na jiwe hapa."

Baridi ile Radovan hakukosa Alhamisi hata moja. Hakuna aliyemwita. Alijifunza kusoma mwandiko wa mapadri wa zamani, akawa anawafundisha wageni. Alichonga vibao vya mbao. Yeye na Silvo wakapita nyumba kwa nyumba kule milimani wakiuliza, "Kwenu panaitwaje?" Jibu wakaliandika kwenye kibao, na chini yake jina la ukoo, wakakipigilia misumari karibu na mlango. Watu walifurahi. Wazee wengine walipewa kibao wakakikumbatia.

Bibi Albina naye alikuja. Yeye ndiye pekee aliyezikumbuka nyumba za kile kijiji kilichoteketea. Alizitaja, Darinka akazichora kwenye ramani, na familia kadhaa zikapata mababu zao humo. Jumapili Silvo aliwaleta wanawe kumsalimu. Watoto wazuri, wana kelele.

"Umepata wajukuu, bibi," nilimwambia siku moja. "Si haba."

"Si haba," alijibu. "Lakini mimi nilimtaka yeye."

Mwezi wa Februari alikuja mwanamke mmoja, Nada, anafanya kazi benki. Alikuwa akimtafuta baba yake mdogo, aliyetengana na baba yake zamani kwa ugomvi. Alikuwa amehangaika miaka mingi na jina moja. Radovan akamwuliza swali letu. Kabla kahawa haijapoa, nyumba ikajulikana. Mzee alikuwa hai, bonde la pili kutoka hapa. Watu wakapiga makofi. Nada alicheka huku machozi yanamtoka.

"Asanteni sana, jamani. Majira ya kuchipua tutakwenda kumwona. Theluji ikiyeyuka."

Bibi Albina alikuwa pembeni, koti begani. Alinyanyuka.

"Umesema yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi weka hicho kikombe chini."

"Lakini barabara, mama... theluji..."

"Radovan ana minyororo ya matairi. Radovan!"

Radovan alikuwa ameshachukua funguo. Nada alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitutazama sote kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Sijui hata nitamwambia nini," alisema.

"Mwambie lolote," bibi Albina alisema, akimvalisha skafu yake mwenyewe. "Huyo atakujibu."