Kipande Kisicho na Herufi

Ilianza kwa C kujaa yenyewe.

Diski kujaa si ajabu kwa mtu kama Elipidius. Kazi yake pale Ihanda ilikuwa kushuti harusi na misiba, halafu anazikata na kuziunga video kwenye kompyuta moja kuukuu ndani ya kibanda chake. Ila video zote alikuwa anaziweka D. C, ile sehemu ya diski inayobeba mfumo wenyewe wa kompyuta, hakuwekaga kitu humo. Jioni anafuta takataka, C inapumua, anafunga kibanda, anaondoka. Asubuhi anakuta imejaa tena, nyekundu mpaka mwisho, kama kuna mtu alihamia na mizigo yake.

Na kibanda kinanuka udongo. Si vumbi la barabarani hili tulilolizoea. Ni udongo mbichi wa chini kabisa, ule unaotoka siku ya kuzika.

Alijiambia ni mvua. Unajiambia chochote ukiwa huna wa kumwambia. Mama yake, Auleria, walimzika masika yaliyopita hapohapo nyumbani, nyuma ya jiko, kwenye migomba. Baada ya wageni kuondoka nyumba ikabaki na yeye tu na benchi la jikoni walilokuwa wanakaa wote wawili wakila. Cha mama kilichobaki ni kavideo kafupi, kako D. Ni harusi ya binamu yake Felicitas, mama anapita na sinia la ndizi, anaona kamera, anacheka: "Eli, umekula?" Basi, kameisha. Kila asubuhi kabla hajafungua mlango kwa wateja, Elipidius anakacheza. Anajibu kabisa. "Bado, mama."

Sasa kompyuta ikaanza kugoma. Inawaka, inaganda, inajizima. Akaona hii ikifa na mama kaenda mara ya pili.

Akampigia Mujuni, jamaa aliyemuuzia hiyo mashine na kumfundisha kazi kabla ya kuhamia Nkwenda, kule Kyerwa. Mujuni akasema C ni ndogo, aiongezee kutoka D, lakini asiende kichwakichwa. Kwanza kopi kila kitu kwenye diski ya nje. Pili chomeka UPS, ile betri ya akiba, umeme usije ukakatika katikati ya kazi. Halafu apunguze D, ile nafasi aisogeze mpaka ikae jirani na C, ndiyo aiongeze. Na mashine ikishaanza, asiguse kitu mpaka imalize.

Halafu Mujuni akashusha sauti.

"Katikati ya C na D kuna kapande kadogo," akasema. "Hakana herufi. Kasogeze kalivyo. Usikafute, dogo."

"Kana nini ndani?"

"We kasogeze tu, bwana."

Siku aliyofanya ilikuwa mvua tangu asubuhi, ukungu umekaa mpaka mlangoni, hata bodaboda hazikupita. Alikopi kila kitu kwenye diski ya nje, kavideo ka mama kwanza. Akafungua programu ya kugawa diski. Ikamchorea vipande vyake vimepangana, na Elipidius akaona kibanja cha ndugu waliogawana urithi. Huku C, huku D, na katikati kale kapande kamesimama kembamba kama milamula tunayopanda mpakani. Hakana jina, hakana herufi, ila programu inasema kamejaa.

Akabonyeza kukasogeza. Programu ikamwambia itachukua masaa. Taa ikapepesa. UPS yake ilikuwa mzee kama mashine yenyewe, haibebi hata nusu saa, na umeme ukikatika wakati vitu vinahama, diski yote inakwenda na maji. Kufuta kale kapande kulikuwa mbonyezo mmoja.

Alijua mlamula haung'olewi hivihivi. Hata baba mdogo, mgomvi kuliko wote kwao, siku ya kusogeza mpaka alimwaga kwanza pombe ya rubisi chini akawapigia hodi waliolala pale. Lakini huo ni ukoo, hii ni kompyuta.

Akakafuta.

Harufu ya udongo ikakatika hapohapo. Elipidius akafurahi. Akapunguza D, akaivuta nafasi, akaiunga na C, ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa taratibu, na alikuwa amekaa anautazama, mikono mapajani asije akagusa kitu, wakati umeme ulipokatika, UPS ikaanza kulia, ikalia, ikalia kama mtoto aliyeachwa barazani, mpaka ikachoka ikanyamaza na taa yake ikazima, na yeye akafumba macho akisubiri kioo kiwe cheusi, akangoja, akasikia bado feni ya mashine inazunguka, polepole, inavuta na kutoa kama pumzi ya mtu aliyepanda mlima na mzigo, akafumbua macho akakuta mstari wa kijani unaendelea kutambaa, hakuna umeme Ihanda nzima, hakuna betri, na unatambaa, unapita pale alipouambia uishie, unakula D, unapita mwisho wa D, unapita ukingo wa ule mchoro.

Spika zikakwaruza.

"Eli, umekula?"

Sauti ya mama. Akataka kujibu, mazoea. Kabla hajafungua mdomo ikaongeza maneno ambayo hayakuwemo kwenye harusi yoyote.

"Nisogezee kidogo."

Alitoka mbio kwenye mvua na diski ya nje kifuani, akaacha mlango wazi.

Mujuni alifika kesho yake kwa bodaboda, tope mpaka magotini. Elipidius akamwamkia, hakuitikia shikamoo. Alisimama mlangoni akanusa.

"Ulikafuta."

"Umeme ulikuwa unasumbua, bro."

Mujuni akakaa chini pale kizingitini, akamweleza bila hata kugombeza. Ile mashine aliinunua kitu kikiwa tayari kimo ndani, kwa mtu aliyekuwa anaikimbia. Kitu chenyewe kilikuwa kinazurura diski nzima, kinamuita mtu huyo kwa sauti ya mke wake marehemu. Mujuni akakumbuka wazee, mzimu ukisumbua wanaujengea kajumba nyuma ya nyumba, unakaa huko, mnaheshimiana. Naye akakatia hicho kitu kapande, hakukipa herufi mtu asije akakifungua, akakiambia hapa ni kwako. Kikatulia miaka yote. Kikianza kubanwa kinavimba kidogo upande wa C, unakisogeza, basi.

"Sasa umekivunjia nyumba," akasema. "Kitatafuta nyingine. Kitaomba kama mtu wako anavyoomba. Ukikipa nafasi mara moja tu, hakirudishi."

Aliichomoa diski kwenye mashine akaifunga kwenye jani la mgomba. Wakaenda nayo kwenye tanuri la matofali lililokuwa linawaka bondeni, Mujuni akaitupa mdomoni mwa moto huku anasali Baba Yetu kwa Kinyambo. Moto haukulia, haukubadilika rangi. Ulinuka udongo tu.

Mujuni akamgeukia. "Ulikopi wapi?"

"Nini?"

"Nilikwambia ukopi kwanza. Hiyo kopi imetoka kulekule, nayo inaingia humu motoni. Hata kama ni mama, dogo. Hasa kama ni mama."

Elipidius alikuwa na mkono mfukoni. Ile diski ya nje ilikuwa imelala kwenye kiganja chake, na ilikuwa ya moto, wakati ilikuwa haijachomekwa popote tangu jana.

"Sikukopi," akasema. "Niliogopa kuchelewa."

Mujuni alimwangalia sana. Halafu akampiga bega, akasema pole, akapanda bodaboda kurudi Nkwenda.

Jioni Elipidius alipika ndizi na maharage. Sufuria la mama, kubwa, anapikia chini kabisa, chakula cha mtu mmoja kinapotea humo. Kompyuta hana tena, na simu yake haisomi diski. Ile diski alikuwa ameiweka tu pale dirishani, aione. Mvua ilikuwa imekata, migomba inadondosha matone nyuma ya jiko, mahali tunapojua. Akajipakulia, akakaa katikati ya benchi kama alivyozoea siku hizi.

Harufu ya udongo ikaja kwanza.

"Eli, umekula?"

Haikutokea dirishani. Ilitokea karibu zaidi, kwa chini, kama mtu aliyesimama na mikono imeshika sinia.

Alijua ni nini. Alijua vizuri kabisa, na Mujuni hajafika hata Omurushaka, angempigia angegeuza.

"Bado, mama," akasema.

"Nisogezee kidogo."

Aliangalia sahani yake moja. Akaangalia mlango. Halafu akasogea mpaka mwisho wa benchi, na ule upande mwingine ukalia, ukashuka.

Akanyanyuka kuchukua sahani ya pili.